Union Minière hadi Umicore: kampuni ya migodi inageukaje kiwanda cha kurejeleza metali? (uzi wa kiufundi)

#1 Mchenjuaji

Wakuu, siku hizi kila kampuni ya migodi inayotaka kuonekana safi inajiita kampuni ya "teknolojia ya metali". Uzi huu uiangalie moja iliyogeuka kweli: Union Minière du Haut Katanga, ambayo leo ni Umicore ya Ubelgiji. Naweka tarehe kwanza, wenye tanuri na wenye maabara watajazia nyama.

Mwaka 1906 kampuni inaundwa kuchimba shaba ya Katanga. Mwaka 1911 shaba ya kwanza inamwagwa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville. Baadaye ikaja kobalti, urani ya Shinkolobwe, zinki na germaniamu ya Kipushi. Metali nyingi zilisafirishwa zikiwa ghafi na kusafishwa Ubelgiji, kwenye viwanda vya Hoboken (ubavuni mwa Antwerp) na Olen. Olen ndiko walikoanza kutoa radiamu mwaka 1922, kutokana na mawe ya Shinkolobwe.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ikataifisha mali zote za Katanga, na huko ndiko Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikozaliwa. Viwanda vya Ubelgiji, vilivyokuwa mikononi mwa makampuni ndugu ya kundi la uwekezaji la Société Générale de Belgique, havikuguswa. Vilibaki na matanuri na mafundi, ila mgodi wa kuvilisha haukuwa wao tena.

1989: Union Minière, Metallurgie Hoboken-Overpelt, Vieille-Montagne (kongwe wa zinki tangu 1837) na Mechim zinaunganishwa kuwa kampuni moja.
1997: Hoboken inawasha tanuri jipya la aina ya Isasmelt.
2001: jina linabadilika kuwa Umicore.
2003: inanunua kitengo cha madini ya thamani na vichocheo vya ekzosi, chenye asili ya Degussa, kutoka OM Group.
2005: shaba inatengwa na kuwa Cumerio, ambayo baadaye ilimezwa na kampuni inayoitwa Aurubis leo.
2007: uyeyushaji wa zinki unaunganishwa na wa Zinifex ya Australia, inazaliwa Nyrstar.

Tazameni mpangilio huo. Mgodi uliondoka kwa kulazimishwa. Tanuri likabadilishwa. Jina likaja miaka minne baada ya tanuri. Biashara za zamani, zile zilizokuwa bado zinaingiza pesa, zilitengwa mwisho kabisa. Wanaoanza na jina na nembo mpya wanaanzia mkiani.

Hoja yangu ni kwamba kilichovuka kutoka enzi ya mgodi hadi enzi ya skrepa ni uzoefu wa kuchenjua mzigo mchafu wenye metali nyingi kwa pamoja. Mbale ya Kipushi ilikuwa na shaba, zinki, risasi na germaniamu ndani ya jiwe moja. Anayeweza kuitenganisha hiyo haogopi bodi ya kompyuta.

#2 Kobalti_B

Mkuu Mchenjuaji, nimekusoma. Ila swali: mbona Hoboken bado wanayeyusha risasi? Kila mtu anaikimbia kwa sumu yake. Kwa nini wasibaki na shaba tu, wakamate dhahabu humo, wamalize kazi?

#3 Tanuri la Juu

Kobalti_B, ukiondoa risasi kiwanda kile kinapoteza nusu ya maana yake.

Katika uyeyushaji kila metali ndogo inahitaji metali kubwa ya kuibeba. Shaba inabeba dhahabu, fedha, platinamu, paladiamu na rodiamu vizuri sana. Risasi inabeba bismuthi, bati, antimoni, sehemu ya fedha, na pia indiamu na teluriamu kwa kiasi. Nikeli inashikana na aseniki. Mwenye shaba peke yake atapata dhahabu, lakini bati, antimoni na bismuthi vitamharibia shaba yake au vitapotelea kwenye vumbi na slagi (takataka iliyoyeyuka inayoelea juu ya metali). Hoboken wanapata metali 17 hivi kwa sababu wana njia tatu zinazolishana.

Mzigo unavyotembea:

Isasmelt ni tanuri la wima, refu, lenye bomba linaloshuka kutoka juu hadi ndani ya kimiminika. Bomba linapuliza hewa iliyoongezwa oksijeni pamoja na mafuta au gesi, na joto liko karibu nyuzi 1,200. Slagi huganda kwenye ngozi ya nje ya bomba na kulilinda lisiliwe. Fundi akilishusha haraka kabla ganda halijashika, ncha inayeyuka na zamu nzima inasimama kulibadilisha.

Zinazotoka humo ni mbili: shaba ghafi iliyobeba madini ya thamani, na slagi yenye risasi nyingi.

Shaba ghafi inamwagwa majini ili iwe punje, inasagwa, kisha inayeyushwa kwenye asidi ya salfuriki. Shaba inaingia kwenye maji na kuvunwa kwa umeme kwenye bamba. Mabaki yasiyoyeyuka ndiyo yenye dhahabu na wenzake, nayo yanakwenda kwenye usafishaji wa madini ya thamani.

Slagi ya risasi inakwenda kwenye tanuri la pili, la mkaa wa koki. Humo inatoka risasi ghafi, mchanganyiko wa nikeli na aseniki, shaba yenye salfa inayorudishwa mwanzo, na slagi maskini inayouzwa kama kokoto za ujenzi.

Risasi ghafi inasafishwa kwa njia ya Harris: risasi iliyoyeyuka inapitishwa kwenye magadi makali (sodiamu hidroksidi) yaliyoyeyuka yenye naitreti. Aseniki inatoka kwanza, bati inafuata, antimoni mwisho, kila moja ikiwa chumvi ya sodiamu. Fundi akiharakisha au joto likiyumba zinatoka zimechanganyika, na kuzitenganisha upya kwa maji ni ghali kuliko kazi ya kwanza. Baada ya hapo fedha iliyosalia ndani ya risasi inakamatwa kwa kuongeza zinki.

Kuhusu bodi za saketi kuna faida ambayo watu hawaioni: plastiki yake inaungua na kutoa joto, na kaboni yake inafanya kazi ya koki. Lakini hapo hapo ndipo penye mpaka. Ukilisha bodi nyingi mno joto linazidi, gesi inakuwa nyingi kuliko uwezo wa boila na wa mitambo ya kusafishia, na inabidi upunguze mzigo wote. Bodi hazilishwi peke yake, zinachanganywa na mzigo usio na plastiki.

Kitu kingine kinachosumbua ni alumini. Vipozeo vya kompyuta, fremu za simu, vyote vinageuka oksidi ya alumini na kuingia kwenye slagi. Ikizidi, slagi inakuwa nzito kama uji uliolala na shaba inanasa humo bila kutua chini. Dawa ni kuongeza chuma, chokaa na mchanga kwa uwiano sahihi, lakini kila tani ya viongezeo ni tani nyingine ya slagi inayoondoka na gramu zake za dhahabu. Ni rahisi zaidi kuing'oa alumini kwa mkono kabla mzigo haujafika.

#4 Kobalti_B

Aisee, shukrani. Na zile adimu, neodimiamu, tantali, zinatoka wapi hapo?

#5 Tanuri la Juu

Hazitoki. Tantali, lithiamu na zile adimu za kwenye sumaku zinapenda oksijeni kuliko kupenda shaba, zinaishia kwenye slagi. Ukizitaka, toa kapasita na sumaku kabla ya tanuri. Baada ya tanuri zimekwisha tawanyika kwenye maelfu ya tani za slagi.

#6 Mizani

Mmeeleza tanuri vizuri, lakini biashara hii inakufa au kupona mlangoni, kwenye sampuli. Kampuni ya mgodi inachimba mbale yake yenyewe: ikikosea kupima, imejidanganya yenyewe. Kiwanda cha kurejeleza kinanunua mzigo wa watu, na kila kosa la kipimo ni pesa inayohama mfuko. Hilo ndilo badiliko kubwa ambalo kampuni ya migodi inayotaka kugeuka hulidharau.

Chukua mzigo wa tani 10 za bodi za kompyuta, tuseme gramu 180 za dhahabu kwa tani na shaba asilimia 18. Jumla ni gramu 1,800 za dhahabu na tani 1.8 za shaba. Kosa la asilimia 3 kwenye dhahabu ni gramu 54. Unyevu wa asilimia 2 usiopimwa ni kilo 200 za maji zilizolipwa kama bodi, sawa na gramu 36 za dhahabu ambazo hazikuwahi kuwepo. Mkataba unaposema shaba inalipwa baada ya kukata asilimia 1, maana yake unalipwa asilimia 17, yaani tani 1.7. Mwuzaji mgeni anashangaa tani 0.1 imekwenda wapi, wakati iliandikwa.

Hatua za sampuli ya bodi:

Kwanza mzigo unapimwa uzito mzima, kila gunia, mwakilishi wa mwuzaji akiwepo kama anataka. Sampuli ya unyevu inatolewa hapo hapo, inawekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, inakaushwa kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Ukichelewa saa chache juani umekwisha poteza kipimo.

Pili, mzigo wote unakatwakatwa vipande vya sentimita 3 hadi 4. Wote, si gunia moja. Dhahabu ya bodi iko kwenye meno ya viunganishi na ndani ya chipu, haikuenea. Konzi ya juu ya gunia inaweza kuwa na mara mbili ya wastani au nusu yake.

Tatu, vipande vinadondoka kwenye mkanda na kikata sampuli kinapita katikati ya mporomoko. Kikata lazima kivuke mkondo wote kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mwendo usiobadilika, na mdomo wake uwe na upana wa angalau mara tatu ya kipande kikubwa zaidi. Mdomo mwembamba unarusha nje vipande vikubwa, na mara nyingi vikubwa ndivyo vyenye chipu. Kosa hili linaegemea upande mmoja kila mara, kwa hiyo hata ukirudia mara mia wastani haukuokoi.

Nne, sampuli inakatwa ndogo zaidi, inagawanywa tena, kisha inachomwa ili plastiki iondoke. Uzito kabla na baada unaandikwa. Majivu yanasagwa na kuchekechwa. Yanayopita chekecheo ni unga. Yasiyosagika ni metali tupu. Haya mawili yanapimwa mbalimbali na kuunganishwa kwa hesabu ya uzito. Anayetupa metali zilizobaki juu ya chekecheo kwa sababu "zimegoma kusagika" ametupa sehemu ya dhahabu ya mteja.

Tano, unga unagawanywa pakiti nne zilizofungwa kwa lakiri: ya kiwanda, ya mwuzaji, ya maabara ya mwamuzi, na ya akiba. Pande mbili zinabadilishana majibu siku moja. Tofauti ikiwa ndani ya kiwango cha mkataba wanagawana katikati. Ikizidi, pakiti ya mwamuzi inafunguliwa, na kwa kawaida aliyekuwa mbali zaidi na jibu la mwamuzi analipa gharama.

Upimaji wa dhahabu bado ni ule wa kale wa moto: unga, oksidi ya risasi, magadi, boraksi, silika na unga wa ngano kidogo kama kipunguzaji, ndani ya chungu kwa nyuzi 1,000 na kitu. Kitufe cha risasi kinawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa au magnesia, nyuzi 950 hivi, risasi inanyweka na punje ya madini ya thamani inabaki. Matatizo ya kawaida ni haya. Shaba ikiwa nyingi, oksidi ya risasi lazima iongezwe sana, la sivyo shaba inaingia kwenye kitufe na kukivuruga. Fedha hupotea kiasi ndani ya kikombe, kwa hiyo lazima upime kikombe cha rejea pembeni na kufanya masahihisho. Unapotenganisha kwa asidi ya naitriki, fedha iwe angalau mara mbili na nusu ya dhahabu, vinginevyo asidi haiingii ndani. Paladiamu nayo inayeyuka pamoja na fedha, usije ukaisoma kama fedha.

Rodiamu haitulii kwenye risasi. Kwa masega ya ekzosi (vile vichocheo vya kwenye bomba la moshi la gari) tumia njia ya salfidi ya nikeli.

#7 Mchenjuaji

Mizani umemaliza. Naongeza moja tu kwenye masega. Yale ya kauri yanasagwa kuwa unga laini unaochanganyika vizuri, kwa hiyo sampuli yake ni rahisi kuliko ya bodi, na yana hadi gramu 2,000 hivi za madini ya kundi la platinamu kwa tani. Tatizo ni vumbi: kinachopeperuka ndicho chenye thamani, maana madini yamepakwa juu ya uso wa kauri. Na vichujio vya masizi vya gari za dizeli vilivyotengenezwa kwa silikoni kabaidi visichanganywe humo. Silikoni kabaidi haiyeyuki kwenye joto la tanuri na inavuruga slagi, ndiyo maana viwanda vinaikata bei au kuikataa.

#8 Mpinzani Halisi

Naomba nipinge kidogo. Picha za matangazo ni simu na laptopu. Ukweli, mzigo mwingi wa Hoboken ni mabaki ya viwanda vingine: vumbi la matanuri, tope la elektrolisisi (mabaki yanayotua chini shaba inaposafishwa kwa umeme), slagi na takataka za viwanda vya risasi na shaba. Aina zaidi ya 200. Bodi na simu ni sehemu ndogo kwa tani. Yaani bado wanakula mgodini, ila kwa mkono wa pili. Migodi yote ikifungwa kesho, tanuri lile litashinda na njaa.

Na faida zao za 2021 hazikutoka kwenye "teknolojia". Rodiamu ilipanda hadi karibu dola 30,000 kwa aunsi mwezi Machi mwaka huo. Mwaka 2023 ikashuka chini ya 5,000. Fikiria kampuni inayojiita ya kisasa huku hesabu zake zinapanda na kushuka kwa metali moja inayotoka zaidi Afrika Kusini.

#9 Mizani

Hoja ya kwanza nakubaliana nayo kabisa, na kiuchumi ndiyo inayofanya kazi iende. Tope la elektrolisisi linaweza kuwa na kilo za dhahabu kwa tani na halina plastiki. Bila hilo bodi zisingekuwa na mahali pa kuyeyukia.

Hoja ya pili inahitaji kuelezwa jinsi mapato yanavyokuja. Kuna njia tatu. Moja, ada ya uchenjuaji kwa tani na ada ya usafishaji kwa kila aunsi. Mbili, makato ya adhabu kwa vitu vibaya: aseniki, zebaki, berili, klorini, bromini. Tatu, na hapa ndipo penye asali, metali ya ziada. Mkataba unasema utalipwa, mfano, asilimia 95 ya dhahabu; kiwanda kikipata 98, zile 3 ni zake. Hiyo ya tatu inafuata bei ya soko moja kwa moja, na kwa rodiamu makato huwa makubwa zaidi kuliko ya dhahabu. Ndiyo sababu bei ikipanda faida inaruka.

Metali ya mteja haikai wazi sokoni: siku bei inapokubaliwa kiwanda kinafunga bei upande wa pili, ama kinairudisha metali yenyewe badala ya pesa. Ila kuna dhahabu na fedha zilizonasa ndani ya mitambo, kwenye matanuri, mabomba na mizunguko, wakati wote kiwanda kinapofanya kazi. Huo ni mtaji uliolala, na bei ikipanda gharama ya kuufadhili inapanda nao. Kati ya kupokea mzigo na malipo ya mwisho kuna miezi, kwa hiyo asiye na benki nyuma yake hafiki mbali hata akiwa na tanuri bora duniani.

#10 Shaba Nyekundu

Umicore si wa kwanza wala wa pekee. Wanaopenda kulinganisha waangalie hawa.

Kosaka, wilaya ya Akita, Japani, chini ya Dowa. Walikuwa wanachenjua mbale nyeusi yenye shaba, risasi na zinki vikiwa vimeshikana sana. Migodi ile ikafungwa miaka ya 1990. Badala ya kuzima wakajenga tanuri jipya la bomba, lililoanza kazi 2008, kwa ajili ya skrepa na mabaki. Hoja ya Mchenjuaji ya #1 inathibitika pale kabisa: mbale ngumu iliwafundisha kazi.

Horne, Rouyn-Noranda, Kanada, leo mali ya Glencore. Mgodi ulikwisha mwaka 1976, tanuri likaendelea kwa makinikia ya watu wengine na skrepa za elektroniki.

Rönnskär, Uswidi. Boliden bado wanachimba, Aitik ni mgodi mkubwa, lakini wana tanuri la Kaldo, lile linalozunguka likiwa limeinama, lenye uwezo wa tani 120,000 za skrepa za elektroniki kwa mwaka tangu 2012. Juni 2023 jengo la elektrolisisi likateketea kwa moto na wakabaki kuuza shaba ikiwa anodi (bamba ambazo bado hazijasafishwa kwa umeme). Pale inaonekana kiungo kimoja kikikatika kiwanda kinabaki na bidhaa ya nusu safari.

#11 Jirani wa Mtambo

Naona hakuna aliyetaja wanaoishi pembeni. Hoboken mtaa wa Moretusburg umepakana na ukuta wa kiwanda. Risasi kwenye damu ya watoto ni suala la tangu miaka ya 1970. Ilishuka kwa miaka, kisha vipimo vya 2020 vikapanda tena. Kampuni ikajitolea kununua nyumba zilizo karibu zaidi ili pawe ukanda wa miti. Horne nako ni aseniki: kibali cha 2023 kiliitaka ishushe hadi nanogramu 15 kwa mita ya ujazo ya hewa kufikia 2027, wakati kiwango cha kawaida cha Quebec ni 3.

Anayedhani kurejeleza ni kazi safi kuliko mgodi ajue vumbi halitoki kwenye bomba la moshi peke yake. Vyanzo vikubwa ni vile vya chini: malundo ya mzigo yaliyo wazi, magurudumu ya mashine za kupakia, paa zinazovuja, slagi inayomiminwa nje ya kofia ya kuvuta moshi. Hatua zinazoleta tofauti ni kuweka malundo ndani ya majengo yenye mvuto hasi wa hewa, kunyunyizia barabara maji, kuosha magurudumu kabla gari halijatoka, na kupunguza akiba ya vitu vyenye risasi inayokaa uani.

Kwenye bomba la moshi adui ni mwingine. Bromini ya bodi na klorini ya nyaya vinatengeneza dioksini (kemikali zenye sumu kali) gesi inapopoa kati ya nyuzi 450 na 200. Kwa hiyo gesi inachomwa tena juu ya nyuzi 850 kwa angalau sekunde mbili, kisha inapozwa ghafla kwa maji ipite eneo lile kabla ya kupata muda. Boila ya kuvuna joto iliyobuniwa kwa makinikia tu haifai hapo, maana inapoza polepole na kloridi za risasi na zinki zinaganda kwenye mabomba yake na kuyala. Dioksidi ya salfa inakwenda kutengeneza asidi ya salfuriki, nayo inauzwa.

Na madeni ya zamani hayafutiki kwa kubadili jina. Umicore iliingia makubaliano na shirika la taka la serikali ya Flanders mwaka 2004 kusafisha ardhi iliyochafuliwa enzi za viwanda vya zamani, na takataka za radiamu za Olen bado zinatunzwa.

#12 Kobalti_B

Betri je? Nilidhani huko ndiko mustakabali wao ulikokuwa.

#13 Tanuri la Juu

Betri zina mambo mawili yanayochanganywa: kurejeleza betri, na kutengeneza unga wa kathodi wa betri mpya. La pili ndilo lililowaumiza. Mwaka 2024 mahitaji ya wateja wa magari yalipungua kuliko walivyotegemea, wakasimamisha ujenzi wa kiwanda cha Ontario na kufuta kwenye vitabu thamani ya zaidi ya euro bilioni moja. Urejelezaji wa Hoboken ulikuwa kati ya vilivyowabeba.

Upande wa kurejeleza, walijenga mtambo wa majaribio Hoboken wa tani 7,000 kwa mwaka, mwaka 2011. Njia yao ni moto kwanza: betri zinaingia tanuri, kobalti, nikeli na shaba zinatoka kama aloi, alumini na manganizi vinakwenda kwenye slagi. Aloi inayeyushwa kwa asidi na metali zinatenganishwa kwa viyeyusho. Lithiamu, kama nilivyosema #5, inakimbilia slagi au vumbi, na inahitaji kazi ya ziada kuitoa.

Njia ya pili ni kusaga betri bila oksijeni, kupata unga mweusi, kisha asidi moja kwa moja. Lithiamu inaokolewa vizuri zaidi, lakini gundi na elektroliti zina florini, na florini ikikutana na maji na joto inakuwa asidi inayokula hata kioo. Vipande vya karatasi za shaba na alumini vikibaki kwenye unga, vinakula asidi bure, na alumini inazalisha haidrojeni ndani ya tangi. Uingizaji hewa ukiwa dhaifu, mlipuko unakusubiri.

Sheria ndiyo inayosukuma sasa. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kufikia mwisho wa 2027 kuokoa lithiamu asilimia 50, na kobalti, nikeli na shaba asilimia 90. Mwisho wa 2031 ni 80 na 95. Asilimia 90 ya kobalti moto unafika bila shida. Lithiamu 80 kwa moto peke yake ni mlima. Na betri za chuma na fosfeti hazina kobalti wala nikeli, kwa hiyo atakayezichenjua ataomba alipwe kuzipokea.

#14 Mpinzani Halisi

Sasa turudi Katanga. Kama skrepa ni mgodi, basi Lubumbashi wana mlima wa slagi uliokaa mjini karne nzima. Kwa nini thamani yake iende Olen?

#15 Mchenjuaji

Unachosema kimeanza, ingawa nusu. STL, kampuni tanzu ya Gécamines, imejenga mtambo wa kuchenjua slagi ya mlima ule kwa njia ya asidi ili kupata germaniamu pamoja na kobalti na shaba. Ina makubaliano na Umicore, na makinikia ya kwanza ya germaniamu yalisafirishwa mwaka 2024. China iliweka leseni kwa usafirishaji wa galiamu na germaniamu Agosti 2023, na hapo mlima ule ukapanda thamani.

Kwa nini unga haumaliziwi kule kule? Kutoka makinikia hadi germaniamu ya kutengenezea seli za jua za setilaiti kuna hatua ambazo si za wingi, ni za usafi. Unageuza germaniamu kuwa tetrakloridi, unainereka kwa joto ili kuachana na aseniki (kloridi yake nayo hupanda na mvuke, ndiyo taabu yake), unairudisha kuwa oksidi kwa maji safi kabisa, unaipunguza kwa haidrojeni, unasafisha upau kwa kuyeyusha ukanda baada ya ukanda, kisha unakuza fuwele moja. Hatua ya oksidi inawezekana Lubumbashi, na ndiyo ningeipigania kwenye mkataba, maana baada ya makinikia ndiko bei inakoanza kupanda. Fuwele ni jambo jingine: umeme ukikatika mara moja katikati ya ukuzaji, upau wote unarudi mwanzo.

#16 Shaba Nyekundu

Na njia ya asidi nayo inategemea umeme. Kuvuna shaba kwa elektrolisisi kunataka saa za kilowati 2,000 hivi kwa tani. Ukikatika bamba linaanza kuyeyuka kurudi kwenye asidi.

#17 Mkusanyaji

Wakuu, kwa mwenye kukusanya bodi na kutaka kupeleka kiwanda kama hicho, karatasi zikoje? Kuna anayeniambia bodi si taka hatari hivyo hazihitaji kibali.

#18 Mizani

Hiyo ilikuwa zamani. Tangu 1 Januari 2025, mabadiliko ya Mkataba wa Basel (ule wa kimataifa wa usafirishaji wa taka hatari) yameziweka taka zote za elektroniki, za hatari na zisizo za hatari, chini ya utaratibu wa ridhaa ya awali. Nchi inayotuma inaijulisha nchi inayopokea na zile ambazo mzigo unapita, na zote ziridhie kwa maandishi kabla kontena halijaondoka. Bodi zilizokatwakatwa nazo zimo. Nchi moja ya mpito isipojibu, mzigo unakaa.

Fungua faili mapema: jina na leseni ya kiwanda kinachopokea, mkataba unaotaja namna ya uchenjuaji, dhamana ya fedha au bima ya kurudisha mzigo ukikataliwa, njia ya safari bandari kwa bandari, na uzito wa juu kwa kipindi chote, maana kibali kimoja kinaweza kufunika safari nyingi.

Mzigo wenyewe: tenga bodi za daraja la juu (seva, kadi za mawasiliano, simu) na zile za kahawia za televisheni na vyanzo vya umeme. Ukizichanganya unalipwa karibu na bei ya chini. Ng'oa alumini, transfoma za chuma na betri zote, hata ile ndogo ya sarafu kwenye bodi mama. Simu zitolewe betri moja moja. Ikibaki moja na ikabanwa na mashine ya kukata, ndiyo inayowasha gunia zima. Usichome bodi ili kupunguza uzito: fedha na dhahabu nyingine inapeperuka na masizi, na kiwanda kikiona majivu kinaweka mzigo kwenye kundi jingine lenye makato makubwa.

Kabla hujafunga kontena, piga picha ya kila gunia likiwa kwenye mizani, namba ya lakiri ikionekana.